Fundi wa funguo Mombasa: wa kibandani, wa dukani, wa nambari ya intaneti au wa kuletwa na msimamizi wa jengo?

Mtu aliyebaki nje ya mlango wake saa tatu za usiku hana subira ya kuuliza maswali, na fundi asiye mwaminifu anajua hivyo. Bei ambayo mchana ungeikataa, usiku unaikubali. Kitasa ambacho hakikuwa na ubaya wowote kinatobolewa. Na asubuhi yake nambari uliyoipigia haipokewi. Kwa hiyo fundi huchaguliwa mapema, mlango ukiwa wazi na ufunguo ukiwa mkononi. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Mombasa anayetaka kujua amwendee nani kati ya mafundi wa aina nne: yule wa kibandani kando ya barabara, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, yule wa nambari iliyotangazwa kwenye intaneti au kubandikwa kwenye nguzo ya umeme, na yule anayeletwa na msimamizi wa jengo au jirani.

Aina zote nne zina watu waaminifu, na zote nne zina matapeli. Hakuna iliyo bora kwa kila kazi, kwani mtu anayefaa kuchonga nakala ya ufunguo wa kabati si lazima awe ndiye wa kufungua mlango mkuu wa nyumba unayolala na familia yako.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote, ni kama fundi huyo atapatikana kesho. Fundi wa mabomba akimaliza kazi anaondoka na vifaa vyake tu, lakini fundi wa funguo anaondoka akijua namna ya kuingia nyumbani kwako, na pengine akiwa amebaki na nakala. Ikiwa hujui anakaa wapi, anafanyia kazi wapi, wala nani anamfahamu, basi umemkabidhi nyumba mtu usiyemjua.

Kigezo cha pili ni bei, nayo itajwe kwa jumla kabla kazi haijaanza, ikiwa imegawanywa wazi: nauli ni kiasi gani, kufungua ni kiasi gani, na kama patahitajika kifaa kipya, hicho nacho ni kiasi gani. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inasema kwamba makubaliano yakiwa na makadirio ya bei, mtoa huduma hatatoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Wengi hawaijui kanuni hii, na ndiyo maana inafaa makadirio yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe mfupi wa simu.

Cha tatu ni ufundi wa mkono wake, yaani anafungua au anavunja. Cha nne ni maswali anayokuuliza wewe. Fundi mwaminifu hataufungua mlango mpaka ajue kuwa ni wako, na ataomba kitambulisho, mkataba wa kodi, au neno la msimamizi au jirani. Asiyekuuliza lolote leo atamfungulia mlango wako mtu mwingine kesho, naye hatamuuliza lolote. Cha tano ni ushahidi unaobaki mkononi mwako baada ya kazi: risiti, ujumbe wa M-Pesa, jina.

Jinsi mteja anavyodanganywa

Kwenye simu unatajiwa bei ndogo inayokufanya uache kutafuta wengine. Fundi akifika anakitazama kitasa, anatikisa kichwa, anasema ni cha aina ngumu na hakina budi kutobolewa. Drili ikishapita, huna tena mlango unaofungika, na bei inayotajwa hapo ni nyingine kabisa. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani imewaonya wateja wa huko kwa miaka mingi kuhusu mtindo huu huu, na mwaka 2025 kampuni ya Google ilifungua kesi nchini humo kuhusu orodha bandia za biashara kwenye ramani yake, baada ya fundi wa funguo wa Texas kulalamika kwamba biashara yake ilikuwa ikiigizwa. Hila hii, basi, haina uraia, na kinga yake ni kujua kilichomo ndani ya kitasa.

Silinda ya kitasa cha kawaida ina safu ya vijiti vidogo vya shaba, mara nyingi vitano au sita, kila kimoja kikisukumwa na springi yake. Meno ya ufunguo sahihi huviinua vyote hadi kwenye mstari mmoja, na hapo silinda inazunguka. Fundi mwenye ujuzi huviinua kimoja kimoja kwa sindano ya chuma huku akiikaza silinda kidogo kwa kipande kingine, na akimaliza kitasa chako kinaendelea kufanya kazi kwa ufunguo wako uleule. Drili hupita katikati ya vijiti hivyo na kuvisaga, na baada ya hapo silinda haina kazi tena. Lakini hata hivyo, kilichoharibika ni silinda peke yake. Mwili wa kitasa uliozama ndani ya mbao hubaki mzima, na katika vitasa vingi vya siku hizi silinda hushikiliwa na skurubu moja ndefu inayoingia kutoka ubavuni mwa mlango, hivyo kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Anayesema lazima ununue kitasa kizima kwa sababu silinda imetobolewa na akuoneshe ni kitu gani kingine kilichoharibika.

Mlango uliobamizwa na upepo ni jambo jingine. Hutokea sana katika ghorofa za Nyali na Bamburi, madirisha ya upande wa bahari yakiwa wazi wakati wa kusi au kaskazi. Mlango huo haukufungwa kwa ufunguo. Umeshikwa na ulimi wa springi tu, na mara nyingi ulimi huo husukumwa nyuma kwa kipande chembamba cha plastiki au waya. Fundi anayeanza na drili kwenye mlango wa namna hiyo ana wajibu wa kukueleza kwa nini.

Haki inataka lisemwe na hili pia. Vitasa vya ufunguo mrefu wenye meno mwishoni, ambavyo ndani vina vibati badala ya vijiti, ni vigumu kufunguliwa kwa sindano za kawaida, hasa vyenye vibati vitano. Fundi akikuambia kitasa cha namna hiyo kitalazimika kutobolewa, huenda anasema kweli. Kutoboa kwenyewe si utapeli. Utapeli ni kutoboa kabla ya kujaribu, na kupandisha bei baada ya kutoboa.

Fundi wa kibandani

Huyu ndiye wa jiriwa ndogo iliyofungwa kwenye meza, tupa za ukubwa mbalimbali, na mabunda ya funguo ambazo hazijachongwa zikining'inia kwenye waya. Wengine wana mashine ya kuchongea, wengine wanategemea jicho na tupa.

Nguvu yake kubwa ni kwamba amekaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Kabla ya kumpa kazi muulize muuza mahamri aliye karibu naye amemfahamu tangu lini, na jibu litakuambia mengi kuliko tangazo lolote. Hata hivyo, kibanda si jengo: askari wa kaunti wakiondoa vibanda barabarani, huenda ukamkosa kwa majuma kadhaa, na akihamia mtaa mwingine hana sababu ya kukuarifu.

Bei yake kwa kawaida ni ya chini, inatajwa papo hapo, na mnapatana mkiwa mmesimama. Ushindani wa wenzake walio jirani naye unamzuia kuzidisha. Kwa nakala za funguo za kawaida, za makufuli na za makabati, mkono wake ni mzuri na haraka. Mpe ufunguo wa asili, si nakala ya nakala, kwa sababu kila mchongo huongeza kosa dogo na mwishowe unapata ufunguo unaoingia lakini haugeuki.

Penye hatari ni siri ya ufunguo. Ukimwachia ufunguo uende sokoni ukirudi uuchukue, umempa nafasi ya kuchonga wa pili bila wewe kujua. Simama hapo mpaka amalize; ni dakika chache tu. Ondoa kibandiko chenye nambari ya nyumba au jina la jengo kabla ya kumkabidhi, na usimweleze unakokaa katika mazungumzo ya kawaida. Si kumdhania vibaya. Fundi aliye mwaminifu ataelewa, na wengi wao hupendelea mteja asimame karibu, kusudi lolote likitokea baadaye wasishukiwe wao.

Ushahidi ni mdogo. Risiti ni nadra, kwa hiyo lipa kwa M-Pesa hata kama kiasi ni kidogo, ili jina lake na tarehe vibaki kwenye simu yako. Anamfaa anayetaka nakala, au aliyepotelewa na ufunguo wa kufuli na kuweza kulibeba kufuli lenyewe hadi kibandani. Kwa mlango wa nyumba, anafaa tu ikiwa yeye au watu wake mnajuana.

Duka la vifaa vya ujenzi

Duka lina mlango, jina na kibali cha biashara cha Kaunti ya Mombasa kilichobandikwa ukutani. Kibali hicho kinathibitisha kuwa biashara ipo na inajulikana. Hakithibitishi ujuzi wa aliyeshika mashine. Mara nyingi anayechonga ni kijana wa kuajiriwa ambaye mwezi ujao hatakuwepo, lakini mwenye duka atakuwepo, naye ndiye utakayemrudia.

Bei imeandikwa au inajulikana, na risiti hupatikana ukiidai. Ufunguo usipogeuka, unarudi nao na unachongewa mwingine bila malipo, jambo ambalo ni vizuri kukubaliana kabla ya kulipa. Siri ya ufunguo inahitaji tahadhari ileile ya kibandani: simama uone, hesabu funguo unazorudishiwa. Udhaifu wa duka ni saa. Jioni limefungwa, na siku ya Ijumaa maduka mengi ya mjini hufungwa wakati wa sala, kwa hiyo aliyefungiwa nje saa saba mchana siku hiyo hatapata msaada mpaka baadaye.

Udhaifu wa pili ni kishawishi cha kuuza. Muuzaji anapata faida zaidi kwa kitasa kipya kuliko kwa kurekebisha cha zamani, na si kila mara atakuambia kuwa silinda pekee ingetosha. Na kama kweli unahitaji kipya, chunguza unachouziwa. Hewa yetu ina chumvi, na chuma cha kawaida hushikwa na kutu upesi, hasa katika nyumba zinazotazama bahari. Shaba na chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi. Yako makufuli yanayong'aa kwa rangi ya shaba ilhali mwili wake ni chuma kilichopakwa. Chukua sumaku ndogo uiguse kwenye mwili wa kufuli, si kwenye upinde wake wa juu ambao huwa wa chuma hata kwenye kufuli zuri. Sumaku ikinasa, huo mwili si shaba. Tazama pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS.

Duka linamfaa anayehamia nyumba mpya na kutaka kubadilisha silinda, mwenye nyumba anayetaka vitasa vingi vya aina moja, na yeyote anayehitaji risiti kwa ajili ya kumwonesha mwenye nyumba wake.

Nambari ya intaneti au ya nguzoni

Usiwadharau hawa. Ndio wanaopokea simu usiku, ndio wanaokuja ulipo, na baadhi yao wana vifaa na ujuzi ambao kibanda na duka havina, hasa kwa milango ya kisasa na kwa magari. Lakini kwa kigezo cha kumpata kesho, aina hii ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu unachokijua ni tarakimu 10 tu, na laini ya simu hutupwa kwa urahisi.

Hapa maswali ya kwenye simu ndiyo ulinzi wako wote. Mweleze hali ilivyo kisha ukae kimya usikie anavyojibu:

"Fundi, mlango umebamizwa na upepo, haukufungwa kwa ufunguo. Kitasa ni cha silinda. Jumla ni ngapi mpaka nimeingia ndani, pamoja na nauli yako?"

Fundi wa kweli atauliza maswali yake: ufunguo umebaki ndani ya tundu, au uko mezani? Mlango ni wa mbao au wa chuma? Una grili mbele? Kisha atataja kiasi, au atataja viwango viwili, kimoja kwa kufungua bila kuharibu na kingine ikibidi kutoboa. Anayejibu "wewe usijali bosi, tutaelewana nikifika" hajakupa bei, na huna sababu ya kumwita. Mwambie akutumie kiasi hicho kwa ujumbe. Asiyetaka kuandika amekwisha kukuonesha nia yake.

Muulize pia yuko wapi sasa hivi. Ikiwa wewe uko Mtwapa naye anasema yuko "hapo karibu" kumbe yuko Likoni, bado hajavuka feri, na nauli ya masafa hayo itarudi kwako. Kwenye ramani ya simu, tazama kama eneo la biashara lina picha ya mlango halisi wa duka, na kama sifa zilizoandikwa na wateja hazikuwekwa zote kwa wakati mmoja kwa maneno yanayofanana. Nambari moja inayotumika chini ya majina matatu tofauti ya biashara ni ishara mbaya sana.

Usitume arbuni kabla hajafika. Anayeomba nauli itangulie kwa M-Pesa huenda asije kabisa. Ukikosea na kutuma kwa nambari isiyo yake, Safaricom hupokea maombi ya kurudishiwa kwa kuusambaza ujumbe wa muamala kwenda 456, lakini pesa ikishatolewa hakuna cha kurudisha. Akifika, omba kuona kitambulisho chake kama yeye anavyotakiwa kuomba chako, na ulinganishe jina hilo na lile litakalotokea kwenye M-Pesa wakati wa kulipa. Jina likiwa la mtu mwingine kabisa, uliza kwa nini kabla ya kubonyeza nambari ya siri. Kuhusu nakala, asiondoke na ufunguo wowote wa nyumba yako, na silinda mpya ikifungwa, pakiti ifunguliwe mbele yako na funguo zote zilizomo zihesabiwe.

Anamfaa aliyefungiwa nje usiku asiye na mtu wa kumtegemea, na mwenye gari lililokwama. Mwite jirani aje asimame nawe wakati wa kazi, hasa kama uko peke yako.

Fundi wa kuletwa na msimamizi au jirani

Kwa kigezo cha kwanza, huyu anaongoza. Msimamizi anamjua, bawabu wa getini anamjua, na amekwisha kufanya kazi katika nyumba nyingine za jengo hilo. Suala la umiliki nalo linakwisha lenyewe, kwa kuwa msimamizi ni shahidi kwamba nyumba ni yako. Bei huwa ya kati, ingawa mara nyingine ndani yake mna kitu kidogo cha aliyemleta, nawe una haki ya kuuliza wengine kwanza ikiwa hakuna haraka.

Lakini ukaribu huohuo una upande wa pili ambao watu hawapendi kuutaja. Fundi anayejua jengo zima, ratiba za wapangaji, na kitasa kipi kiko mlango upi, anajua mambo mengi mno. Wasimamizi wengi pia huhifadhi nakala za funguo za nyumba zote, na hakuna anayejua mpangaji wa kabla yako alitoa nakala ngapi kwa mtumishi, kwa ndugu, kwa rafiki. Wizi usio na alama ya kuvunjwa mlango huwafanya majirani watazamane vibaya, na mara nyingi chanzo ni silinda ambayo haijawahi kubadilishwa tangu jengo lifunguliwe. Ukihamia, omba idhini ya mwenye nyumba ubadilishe silinda, hifadhi ile ya zamani uirudishe utakapoondoka, na mkubaliane kwa maandishi kama msimamizi atapewa nakala ya mpya au la.

Ufundi wake hutofautiana sana. Wengi ni maseremala au mafundi wa kuchomelea wanaojua kubadilisha kitasa vizuri na kulinganisha bawaba, lakini kufungua bila kuharibu si kazi yao ya kila siku. Fundi wa kuchomelea akija na mashine ya kukatia chuma kwa ajili ya kufuli la geti, sawa. Akija nayo kwa ajili ya mlango wa mbao, msimamishe. Risiti hana, ila ana watu, na malalamiko yako yatamfikia.

Anawafaa wapangaji wa ghorofa, wazee wanaoishi peke yao, na kazi yoyote isiyo ya dharura.

Gari lina mambo yake

Magari mengi yanayoshuka bandarini kutoka Japani huja na ufunguo mmoja tu, na mwenye gari hafikirii wa pili mpaka ule mmoja upotee. Ufunguo wa gari la kisasa una chipu inayotambuliwa na kompyuta ya gari, kwa hiyo kuchonga chuma peke yake hakutawasha injini. Kutengeneza wa pili huku wa kwanza upo ni kazi rahisi zaidi na nafuu zaidi kuliko kuanza bila ufunguo wowote.

Wakala wa kampuni ya gari ana kumbukumbu, risiti na dhamana, lakini huchukua muda na hutoza zaidi. Fundi wa kujitegemea mwenye kompyuta ya kuunganisha na gari huja ulipo na humaliza siku hiyohiyo. Kwa wote wawili, masharti ni mamoja: akuombe kitabu cha gari na kitambulisho, na ikiwa ufunguo uliibiwa, pawe na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio, kutoka kituo cha polisi. Kisha mwambie, mbele yako, aoneshe kwenye kompyuta ni funguo ngapi zinatambuliwa na gari. Katika magari mengi idadi hiyo huonekana, na funguo za zamani zinaweza kufutwa. Ukiwa na ufunguo mmoja mkononi na gari linatambua mbili, wa pili uko kwa mtu.

Kabla ya kumwita yeyote

Vitasa vingi vinavyosemwa vimekufa hapa Pwani havijafa. Vimejaa chumvi, vumbi na mafuta yaliyoganda. Saga risasi ya penseli iwe unga, uipake kwenye meno ya ufunguo, uingize na kutoa mara kadhaa bila kulazimisha. Mafuta ya kupikia yasitumike kabisa, kwani hukamata vumbi. Kama ufunguo unageuka mlango ukiwa wazi na haugeuki ukiwa umefungwa, shida si ya kitasa, ni ya mlango ulioshuka kwenye bawaba au mbao iliyovimba kwa unyevu wa masika, na anayehitajika ni seremala.

Ukiwa umeshadhulumiwa

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, ya kupewa habari, na ya kulipwa fidia kwa hasara. Ikiwa una ujumbe wa makadirio, ujumbe wa malipo na picha za kitasa kabla na baada ya kazi, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Ukishuku wizi au nakala ya siri, anza na polisi, na ubadilishe silinda siku hiyohiyo.

Kwa hali yako

Ikiwa unataka nakala ya ufunguo wa kawaida na una nusu saa, nenda kibandani au dukani, lolote lililo karibu, usimame mpaka mwisho. Ukitaka nakala ya mlango mkuu, duka linakupa pa kurudi.

Ikiwa umefungiwa nje mchana na huna haraka, anza na msimamizi au jirani aliyekaa mtaani siku nyingi. Ikiwa ni usiku, mpigie msimamizi kwanza. Akikosekana, piga nambari mbili au tatu za intaneti, uulize swali lilelile, na umchague aliyekuuliza maswali na kutuma bei kwa maandishi, hata kama bei yake si ya chini kabisa.

Ikiwa kuna mtoto mdogo aliyejifungia ndani au jiko limeachwa likiwaka, usisubiri fundi wala usihesabu gharama. Vunja kioo au kitasa, au waache majirani wavunje.

Ikiwa ufunguo umepotea pamoja na kitambulisho au karatasi yenye anwani yako, kufungua mlango peke yake hakutoshi. Nunua silinda dukani, na fundi unayemfahamu aifunge kabla usiku haujaingia. Ukiwa umeachana na mtumishi au mpangaji mwenza ambaye hakurudisha ufunguo, fanya vivyo hivyo.

Ikiwa unaondoka Mombasa kwa likizo na unamwachia jirani nyumba, tengeneza nakala moja zaidi na uiweke kwa mtu wa pili unayemwamini anayekaa mtaa mwingine. Na leo, kabla ya lolote kutokea, mwulize msimamizi jina na nambari ya fundi wake, umpigie ujue anatoza kiasi gani usiku, kisha nambari hiyo uiandike mahali ambapo utaifikia hata simu yako ikiwa imefungiwa ndani pamoja na funguo.